Daftari la Kitalu

Ambakisye, nimehesabu tena.
Mbegu mia za maharage, trei ya upande wa barabara:
zimeota arobaini na moja.
Mbegu mia za mfuko uleule, mkono uleule,
nilizompelekea dada Tusajigwe kule juu Ilungu
ukungu unakolala hadi saa nne:
zimeota tisini na tatu.

Usiniambie ni mbegu.
Usiniambie ni udongo. Udongo nao nilimpelekea,
madebe mawili nyuma ya pikipiki,
kijana wa bodaboda akacheka:
mama, huko juu udongo umewaishia?

Nakuandikia humu kwa sababu ukirudi usiku
unanuka pumba za mpunga zilizoungua
na hutaki maneno, unataka maji ya moto.

Siku tisa tanuri lako halijazimika.
Moshi wake hauendi mbinguni kama tulivyodhani.
Unapanda kidogo, baridi ya Uyole inaukataa,
unageuka, unashuka,
unatafuta pa kulala, unalala kwetu.
Hapo malori ya Tunduma hayajaongeza ya kwao
yakipanda mlima kwa gia ya kwanza,
yakikohoa kama wazee wa kahawa.

Jani lina midomo, Ambakisye.
Bwana shamba Nzunda alinipa lenzi nikaiona,
midogo, mingi, upande wa chini,
ya kufunguka na kufumba.
Kwenye miche yangu ya parachichi imezibwa
kama dirisha lililopigwa lipu na fundi mlevi.
Nikapitisha ncha ya kitenge kwenye jani:
kitenge kikawa cheusi,
jani likawa la njano.
Chini ya weusi kulikuwa na njaa.

Lakini mbegu haina jani, nilisema.
Kilichozikwa kitasikiaje moshi?
Nikafukua moja.
Ilikuwa imejaribu. Ilikuwa imepasuka,
imetoa kimzizi, kimzizi kikaonja,
kikajikunja kurudi ndani
kama kidole cha mtoto kilichogusa sufuria.
Masizi yanashuka na mvua ya kwanza,
yanafanya ganda juu ya udongo,
na mvua yenyewe siku hizi ina ukali,
nimeilamba.

Ndiyo, nimeilamba. Cheka.

Najua nyumba hii ni nini.
Kila usiku naegemea ukuta wake
na kila tofali nalijua lilikotoka.
Ada ya Lusekelo ilitoka kwenye tanuri lile,
na bati, na miwani ya mama yako.
Sikuandiki ili ulizime.
Ukilihamishia ng'ambo ya bonde,
ng'ambo kuna vitunguu vya mama Sekela,
naye ana daftari lake, hata kama haandiki.
Nilitaka tu uhesabu na wewe.
Wewe unahesabu matofali elfu kumi usikosee hata moja;
hamsini na tisa zisizoota
nani kazihesabu ila mimi?

*

Leo asubuhi nimefungua ukurasa huu.
Arobaini na moja imekatwa mstari.
Pembeni, kwa ile penseli bapa ya fundi,
kuna arobaini na mbili,
na alama ya kidole gumba, nyeusi,
mistari yake yote ikisomeka.

Nimetoka bila viatu.
Nimehesabu kutoka kushoto, nimehesabu kutoka kulia.
Kweli ipo. Kwenye kona kabisa ya trei,
shingo imepinda, ganda bado limeivaa kichwani,
siku ya kumi na tisa,
na mahali fulani karibu yake mtu amelivunja ganda la udongo
kwa ukucha,
taratibu,
asiiguse.